HATARI YA THELUJI MILIMANI

Wale wakaao karibu na Mlima Kenya huiona theluji ikimeta vileleni, nayo huonekana kuwa kitu kitulivu. Lakini katika nchi ya Uswisi, huko Ulaya, milima ya Alps hufunikwa na theluji nyingi kila majira ya baridi, na wenyeji wajua kwamba yaweza kuporomoka ghafula na kuua. Katika majira ya baridi ya 1950 hadi 1951, watu 98 walikufa hivyo katika Uswisi peke yake.

Sababu yake ni nini? Theluji haianguki yote siku moja. Kila ianguapo, tabaka mpya hulala juu ya ile ya zamani. Pengine tabaka ya chini hugeuka kuwa chembe kavu zisizoshikana, mfano wa sukari. Basi tabaka ya juu, iliyo nzito na kushikamana, huwa kama ubao uliowekwa juu ya mtama. Mtu akipita, uzito wake watosha kuivunja tabaka ile dhaifu, na theluji yote ya upande ule huanza kuteleza. Kwa hiyo wasafiri wengi wanaofunikwa huwa wameyaanzisha maporomoko wao wenyewe, au mwenzao.

Hatari huzidi penye mteremko wa digrii 30 au zaidi, hasa ikiwa theluji nyingi imeanguka karibuni, au upepo umeirundika upande uliokingika, au joto limepanda ghafula. Msafiri akisikia mvumo mzito chini ya miguu yake, au akiona ufa ukikimbia katika theluji, hilo ni onyo. Na auache mteremko huo.

Huko Davos kuna taasisi ya wataalamu wanaoichunguza theluji, iliyoanzishwa mwaka 1942. Wakati wa baridi hutangaza hatari kila siku kwa daraja tano. La ajabu ni kwamba kiasi cha nusu ya wanaokufa hufa katika daraja ya tatu, wala si ya tano. Daraja ya tano ikitangazwa, watu hukaa nyumbani. Ya tatu ikitangazwa, wengi hudhani kwamba watapita salama.

Wasafiri wenye busara huvuka mahali pa hatari mmoja mmoja, huku wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Kila mmoja huchukua chombo kidogo cha redio kitoacho na kupokea ishara, ufito mrefu wa kuchomea theluji ili kumtafuta aliyefunikwa, na beleshi. Akichimbuliwa katika dakika 10 za kwanza, kiasi cha watu 9 katika 10 hupona. Ikipita nusu saa, hupona kama 3 tu. Waokoaji kutoka mjini ni vigumu kufika mapema hivyo. Basi maisha ya aliyefunikwa yamo mikononi mwa wenzake wa safari, na kila mmoja wao yampasa kujifunza kazi hiyo kabla ya kuondoka nyumbani.