Papasi Mbili Zinatosha Kumtambua Kopepodi

Jeli ya DNA ya juzi imenifurahisha mno. Kila kopepodi, yaani gegereka mdogo wa baharini, alitoa mistari myangavu, nami nikasema bila kusita: huyu Calanus finmarchicus, yule Calanus glacialis.

Kwenye fiodi za kaskazini mwa Norwei spishi hizi huishi pamoja, na kwa darubini zinafanana. Wengi walipima urefu wa mwili: mkubwa akaitwa glacialis. Wengine wakategemea wekundu wa papasi, yaani nyuzi za kuhisia kichwani. Mwaka 2018 Choquet na wenzake walionyesha kwamba vigezo vyote viwili vinapotosha. Ninakasirika nikiona hesabu mpya zikitegemea rula peke yake, maana hizo ndizo zinazotumika kueleza bahari inavyobadilika kwa joto.

Dawa ni kuwatambua kwa DNA. Hatua ya kwanza: hifadhi kwenye ethanoli, formalini huharibu DNA. Ya pili ni kutoa DNA, na hapo ndipo tulipoteseka. Wakala mmoja alituuzia boksi la vichujio kwa bei ya kuumiza, akiapa kwamba linafaa kwa mnyama yeyote. Mnyama wetu ana milimita chache tu! DNA yake ikapotelea kwenye vichujio, jeli ikatoka tupu. Tulipolalamika, akatushauri tununue boksi la bei kubwa zaidi. Simsikilizi tena.

Kilichotuokoa ni haidroksidi ya sodiamu. Kata papasi mbili tu, mwili ubaki mzima kwa vipimo vingine. Kisha, na hili nalisisitiza, ziguse kwenye karatasi ya kunyonya hadi ethanoli iishe kabisa. Zitaonekana kama nyuzi zilizokauka. Usihofu, DNA imo. Ethanoli ikisalia, PCR, yaani kunakili DNA, hugoma, na utaishia kulaumu praima. Zitumbukize kwenye mikrolita 50 za haidroksidi ya milimola 50 kwa lita, hakikisha zimezama, chemsha nyuzijoto 95 kwa dakika 15, poza, ongeza mikrolita 5 za bafa ya Tris ya mola 1, pH 8. Gharama yake haifiki hata robo ya boksi lile.

Yaliyobaki ni PCR ya kawaida. Tumia alama za InDel zilizochapishwa na Smolina na wenzake mwaka 2014: spishi hutofautiana kwa urefu wa kipande cha DNA, na kwa kuwa alama hizo zimo kwenye kiini cha seli, hata chotara angeonekana. DNA ya mitokondria humtaja mama pekee.

Wenye chupa za zamani za ethanoli makabatini, msiamini lebo zake. Kateni papasi mpime upya.