Aliyeomba Kutumwa Paimol

Mwanzoni mwa masika alinijia hapa Maisaka mwalimu mmoja wa dini, wa kigango ambacho sitakitaja. Aliketi, akatoa ufunguo wa kanisa mfukoni, akauweka juu ya meza, akasema hawezi tena. Kwa miaka kumi na minne amefundisha wakatekumeni, amewatayarisha watoto kwa Komunyo ya Kwanza, amezika wafu pasipo padre kuwapo. Sasa shamba lake la mahindi na mbaazi limebaki nyuma ya mashamba ya jirani zake, mtoto wake aliye sekondari anakosa sare na madaftari, na ndugu zake humcheka ya kuwa anawatumikia watu wasiompa hata debe moja la mahindi wakati wa mavuno. Imani hakuipoteza. Alikuwa amechoka, nayo hesabu aliyonionyesha ilikuwa sahihi.

Sikumjibu mara moja. Ni rahisi mno kwetu sisi mapadre kumwambia mtu wa namna hiyo, “Vumilia,” kisha tukainuka kwenda kula chakula cha mchana. Badala yake nilimsimulia habari za makatekista wawili wa Uganda ya kaskazini, nazo ndizo nipendazo kuzieleza leo, kwa kuwa zinajulikana kwetu kidogo kuliko habari za Karoli Lwanga na wenzake.

Daudi Okello na Jildo Irwa walikuwa vijana wa kabila la Waacholi. Walibatizwa mwezi Juni 1916 na Padre Cesare Gambaretto, Mmisionari Mkomboni wa Misioni ya Kitgum, wakapata Kipaimara tarehe 15 Oktoba mwaka uleule. Misioni yenyewe ilikuwa changa bado, imefunguliwa mwaka 1915. Mwaka 1917 kukawa na pengo: katekista aitwaye Antonio, aliyefundisha mahali paitwapo Paimol, alikuwa amefariki. Paimol ilikuwa mbali na misioni, nako magomvi yalikuwa mengi. Daudi akamwendea padre akaomba kushika nafasi ile, naye Jildo, aliyekuwa mdogo kuliko yeye, akaomba kumfuata kama msaidizi.

Angalieni vema jambo hili. Hakuna aliyewalazimisha. Padre mwenyewe aliwaeleza taabu za mahali pale, naye alimhurumia Jildo kwa udogo wake. Aliwauliza kama hawaogopi. Daudi akajibu ya kuwa hakiogopi kifo, kwa sababu Yesu naye alikufa kwa ajili yetu. Waliujua mzigo kabla ya kuutia begani, na tangu hapo hatuwezi kusema walidanganyika.

Huko Paimol kazi yao ilikuwa ndogo machoni pa watu. Alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwaita wakatekumeni kwenye sala. Kisha alifundisha chini ya kivuli cha mti, wanafunzi wakirudia maneno ya Katekisimu kwa sauti hata yakae moyoni. Wale walioshikwa na kazi za wazazi wao, machungani au mashambani, aliwafuata huko huko waliko. Jildo alikuwa mchangamfu. Aliwavuta watoto kwa michezo ya kijijini, na baada ya michezo likafuata fundisho. Jioni, sala tena. Hata mwaka mmoja haukutimia.

Mwaka 1918 nchi ile ilitaabika kwa njaa na magonjwa, na utawala wa Kiingereza uliamua mambo ya watemi na mipaka yao kwa namna iliyowachoma watu moyo. Kwa hasira hiyo, dini mpya ikahesabiwa pamoja na wageni walioileta. Kati ya tarehe 18 na 20 Oktoba, kabla ya mapambazuko, watu wenye silaha walifika kumtafuta Daudi. Mzee wa kijiji akasimama kuwazuia. Daudi akamsihi mzee yule asijiingize katika shauri lile. Wakamtaka Daudi aache kufundisha dini. Alipokataa wakamburuta nje wakamchoma kwa mikuki. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita hivi, au zaidi kidogo. Jildo hakukimbia. Aliwaambia wauaji ya kuwa wamekuja pamoja na kufundisha pamoja, basi sababu iliyomwua Daudi imhusu na yeye. Naye akauawa. Hakuwa amepita miaka kumi na minne.

Mwili wa Daudi ulilala siku kadhaa pasipo kuzikwa, kisha watu wakauvuta kwa kamba hata penye kichuguu kilicho wazi. Mnamo Februari 1926 mabaki yake yalikusanywa, na baadaye yakawekwa katika kanisa la misioni ya Kitgum. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza Daudi na Jildo kuwa Wenye Heri tarehe 20 Oktoba 2002, Jumapili ya Misioni.

Hapo mwalimu wangu wa dini alinikatiza. “Padre,” akasema, “hao walikuwa vijana wasio na mke. Mimi nikifa njaa, sifi peke yangu.”

Neno lake lina haki, wala halijibiwi kwa kumtaja shahidi mwingine mwenye familia, ingawa wapo: Matia Kalemba, mmoja wa Mashahidi wa mwaka 1886, alikuwa na mke na watoto. Tulitazame kwanza jambo ambalo wasomaji wengi huliruka, yaani lile neno la Daudi kwa mzee wa kijiji. Saa ile alihitaji mtetezi kuliko wakati wowote, naye akamwondoa mtetezi asije akaumia. Gharama ya wito wake aliikubali kwa nafsi yake, hakumbebesha mwingine. Basi mwalimu anayejiuliza kama ana haki ya kumlipisha mkewe na wanawe gharama ya wito wake, haulizi kwa uoga. Anauliza kama Daudi alivyouliza.

Lakini swali hilo lina mlango wa pili, nao umefunguka upande wetu. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Misioni ya tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha ya kuwa makatekista wanaojitoa kabisa katika kazi hiyo wapewe malipo ya haki, wapate maisha ya heshima. Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 10 Mei 2021, aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Hati zote mbili zimesomwa, nasi tumezipigia makofi. Lakini gunia la mahindi halitoki katika hati. Hutoka ghalani mwa Mkristo ambaye watoto wake wamefundishwa bure, naye siku ya mavuno hupita mbele ya nyumba ya mwalimu akitazama upande wa pili.

Hatutaki kumgeuza katekista kuwa mtumishi wa mshahara. Daudi hakwenda Paimol kutafuta fedha. Hata hivyo, nathubutu kusema ya kuwa jumuiya inayosifu uvumilivu wa mwalimu wake huku ikimwacha ahesabu madeni peke yake, haijaelewa uvumilivu ni nini. Mateso yaletwayo na adui wa imani yanaweza kuwa taji. Yale yaletwayo na uchoyo wetu ni dhambi yetu tu, wala hatuna haki ya kumtangazia mtu kuwa ni msalaba wake.

Nilimwomba mwalimu yule asiamue siku ile, bali asubiri hata mavuno, azungumze na mkewe, nami nikamwahidi kwamba akiamua kuacha, nitampa mkono wa shukrani wala sitamwita mkimbizi. Alikubali kungoja. Alipoondoka hakuuchukua ufunguo, nami sikumrudishia kwa nguvu. Siku ile ile niliandika barua kwa halmashauri ya walei ya kigango chake, nikiwauliza mambo mawili: ni nani atakayefungua kanisa Jumapili ijayo, na kila jumuiya itampelekea mwalimu magunia mangapi.