Haki ya Mzazi Juu ya Vitabu vya Shule



Leo napenda tujifunze jambo ambalo sisi wanafunzi wa ualimu hapa Uganda tunaulizwa tukirudi nyumbani: je, mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anasomeshwa kitabu gani, na kukikataa?

Tuanze na kesi ya karibuni. Mwaka 2022 bodi ya shule za Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, Marekani, iliingiza darasani vitabu vya hadithi vinavyozungumzia ndoa za jinsia moja na kubadili jinsia. Mwanzoni wazazi walijulishwa, na aliyetaka alimtoa mtoto wake. Machi 2023 ruhusa hiyo ikafutwa. Wazazi Waislamu na Wakristo wakashtaki pamoja. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu, majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba wakati kesi inaendelea, wazazi hao wajulishwe mapema na watoto wao waruhusiwe kutoka.

Tuzingatie walichokiomba. Hawakuomba vitabu vipigwe marufuku, wala mtoto wa jirani azuiwe kuvisoma. Majaji waliopinga walihofia kuwa shule zitalemewa kila mzazi akileta pingamizi lake. Hofu hiyo tusiidharau, sisi ambao kesho tutasimama mbele ya darasa lililojaa.

Kwetu je? Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 31(4), inasema kulea mtoto ni haki na wajibu wa wazazi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 18(4), unazitaka serikali ziheshimu uhuru wa wazazi katika malezi ya dini na maadili ya watoto wao. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja ni mchunga, naye ataulizwa.

Basi mzazi afanye nini?

1. Asome kwanza. Surat Al-Hujuraat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari. Picha ya ukurasa mmoja iliyozunguka WhatsApp haitoshi kuhukumu kitabu.

2. Amwendee mwalimu kwa adabu, akitaja ukurasa na tatizo lenyewe. Asiposikilizwa, amwandikie mwalimu mkuu.

3. Aombe linalowezekana: mtoto wake apewe kazi nyingine kipindi hicho.

Hapo kwenye kusoma ndipo penye kazi yetu. Wazazi wetu wengi hawakijui Kiingereza cha vitabu hivyo. Husikia tu yanayosemwa msikitini na sokoni, kisha hukasirika au hunyamaza. Sisi tumesomeshwa kwa jasho lao. Likizo hii, chukua vitabu vya wadogo zako, vipitie vyote, umweleze mama yaliyomo, mema na yenye shaka. Kisha uamuzi mwachie yeye na baba.

Wallahu a'lam.