Begi la Vegani: Chakula cha Kubeba Unapohamia Ughaibuni

Ikifika Agosti, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana waliopata nafasi ya kusoma Ujerumani. Muhula wa baridi unaanza Oktoba, viza imetoka, tiketi imekatwa, limebaki swali moja: "Dada, nibebe chakula gani?" Wengi wanaouliza ni wenzangu tusiokula nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, na wanahofia kulala njaa katika nchi ya soseji. Ondoeni hofu. Nilitoka Dar es Salaam nikahamia Leipzig, na hadi leo nakula ugali wa ulezi, mlenda na njugu mawe. Kanuni yangu ni fupi: beba ladha, shibe utaikuta hukohuko.

Sheria kwanza, begi baadaye

Msafiri anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia na nyama wala maziwa na bidhaa zake. Hapo vegani tuna nafuu, maana nusu ya marufuku haituhusu. Inayotuhusu ni hii: tangu tarehe 14 Desemba 2019, karibu matunda na mboga zote mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea, hata liwe fungu moja la mchicha wa kula mwenyewe. Kwetu Tanzania cheti hicho hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Matunda matano tu yamesamehewa: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Doriani liache Unguja, harufu yake haivumiliki ndani ya ndege. Nazi, ndizi na tende zinabebeka bila karatasi.

Sababu ya sheria hiyo ni wadudu na magonjwa ya mimea. Embe moja lenye funza wa inzi wa matunda linaweza kupeleka balaa kwenye mashamba ya watu. Ndiyo maana chakula kilichokaushwa vizuri, kilichokaangwa au kilichosagwa hakileti shida kama kibichi. Njugu mawe mbichi ni mbegu, ukiipanda inaota, kwa hiyo ikaange au isage kabla ya kuifunga.

Kila nchi ina masharti yake. Uingereza ina orodha yake tangu ilipojitoa kwenye Umoja wa Ulaya. Marekani na Australia zinataka utaje chakula chochote ulichobeba, na asiyetaja hutozwa faini. Kwa wanaokwenda Dubai au Abu Dhabi, mbegu za khashkhash zinazotumika katika mapishi ya Kihindi ni marufuku kabisa. Soma tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda wiki ileile ya safari, na ukiwa na shaka mwonyeshe ofisa wa forodha kabla hajakuuliza.

Vya kubeba

Kilo 23 za begi huisha haraka. Mimi hupima kila kitu kwa swali moja: je, nitakipata kule kwa bei ninayoimudu? Vinavyoshinda mtihani huo ni hivi:

- Mboga za majani zilizokaushwa: kisamvu, majani ya kunde na mlenda. Kilo nzima ya majani mabichi hubaki konzi chache baada ya kukauka.
- Matobolwa, viazi vitamu vya Usukumani vilivyochemshwa, kukatwa na kuanikwa. Vinatafunwa vikavu, na vikichemshwa na karanga ni mlo kamili.
- Unga wa ulezi kwa uji na ugali.
- Unga wa ubuyu. Ulaya uliruhusiwa kuuzwa kama chakula mwaka 2008, lakini huuzwa kwa bei ya dawa.
- Njugu mawe zilizokaangwa, karanga za kukaanga na korosho za Mtwara.
- Bizari ya pilau uliyosaga mwenyewe, hiliki, karafuu na mdalasini wa Zanzibar. Gramu chache zinakutosha miezi mingi.

Vya kuacha

Acha mchele, sukari, mafuta na maharage. Leipzig, katika mtaa wa Eisenbahnstraße, maduka ya Waarabu na Waturuki yamejaa dengu, bamia, ufuta na maharage ya kila namna. Maduka ya Waasia yana choroko na tui la kopo, na ya Waafrika yana unga wa muhogo na ndizi za kupika. Miji mingi ya Ulaya yenye wahamiaji ina mtaa wa aina hiyo. Utafute kwenye ramani kabla hujafunga begi, ukijua kilichopo utajua cha kupunguza.

Tui la unga linahitaji macho zaidi. Aina nyingi zimechanganywa na protini ya maziwa, ambayo kwenye lebo huandikwa kaseini. Soma viambato vyote hata kama nje pamechorwa nazi tupu. Vivyo hivyo vidonge vya mchuzi, vingi vina mafuta ya kuku au ng'ombe.

Kukausha na kufunga

Osha majani, yachovye kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu, yachuje, kisha yaanike kivulini penye upepo, yakiwa yamefunikwa kwa chandarua. Jua kali huunguza rangi na kupunguza vitamini A. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa sawasawa kwanza, kwa kuwa kibichi kina sumu. Jani liko tayari likivunjika vumbi mkononi. Kwa watu wa pwani, msikaushe wakati wa masika, hewa ina maji mengi.

Unyevu ndio adui. Karanga na nafaka zenye unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Chambua karanga moja moja, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kaanga, acha zipoe kabisa ndipo uzifunge. Ukifunga zikiwa na joto, mvuke utageuka maji humohumo ndani.

Funga kila kitu katika pakiti ndogo za nusu kilo na ubandike lebo kwa Kiswahili na Kiingereza: ni nini, na kimefungwa lini. Unga wa dukani uache kwenye mfuko wake wa kiwandani. Unga mweupe usio na jina huzua maswali marefu uwanja wa ndege.

Chakula cha njiani

Agiza mlo wa ndege angalau siku mbili kabla, mashirika mengi hufunga maombi saa 24 kabla ya kuruka. Herufi unazotaka ni VGML, mlo usio na kitu chochote cha mnyama. VLML huwa na maziwa na mayai, na AVML, mlo wa Kihindi, mara nyingi una maziwa.

Hata ukiagiza, beba chako. Mimi hubeba chapati za kusukuma zilizokandwa kwa mafuta ya alizeti, bagia za kunde, kashata za karanga na ndizi. Vitumbua na chochote cha tui kiliwe nyumbani asubuhi hiyo, maana kwenye joto huchacha upesi. Siagi ya karanga na achari huhesabiwa kama vimiminika, kwa hiyo chupa inayozidi mililita 100 iingie kwenye begi kubwa, imefungwa mara mbili. Kwa ndege inayokwenda Marekani, hata unga unaozidi mililita 350 usiuweke kwenye begi la mkononi. Na tofaa ulilopewa ndani ya ndege limalize kabla ya kutua.

Usisahau vidonge

Hakuna mmea unaotegemeka kwa vitamini B12. Shirika la Lishe la Ujerumani linakadiria mtu mzima anahitaji mikrogramu 4 kwa siku, na anayekula mimea pekee azipate kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Beba vya kukutosha miezi ya mwanzo, katika kopo lake la asili. Muulize daktari pia kuhusu vitamini D, kwa sababu Desemba ya Leipzig ina mwanga wa saa nane tu, na jua lenyewe ni hafifu mno.

Ndugu yangu unayejiandaa, chukua karatasi leo uandike kila unachotaka kubeba. Kisha futa kila utakachokikuta dukani kule uendako. Orodha itakayobaki itaingia kwenye begi moja, na itakulisha vizuri majira yote ya baridi.