Mbele ya kuuza Bujumbura: dola moja ni franka ngapi?



Koperative za Uvira na za bonde la Ruzizi ziko karibu na soko kubwa la Bujumbura. Unapita Kavimvira, unaingia Gatumba, muda si mrefu uko mjini. Lakini kule dola iko na bei mbili: bei ya benki na bei ya barabarani. Asiyejua hivyo anaweza kuuza mzigo wake vizuri, kisha arudi nyumbani na nusu ya feza.

Kwetu Kongo shida hii si kubwa. Kambisti mwenye meza yake kando ya barabara na benki wanafuatana, tofauti ni kidogo tu. Burundi ni mambo ingine. Kahawa na chai wanazouza ng'ambo hazileti dola za kutosha, na tangu matata ya mwaka 2015 misaada ya nje ilipunguka. Benki ya Jamhuri ya Burundi (BRB) inapanga bei, lakini mchuuzi anayetaka dola za kuagiza bidhaa hazipati zote benki. Anazitafuta barabarani na kulipa zaidi. Mwezi wa tano 2023 BRB ilipandisha dola kutoka karibu franka 2,000 hadi zaidi ya 2,800. Bei ya barabarani nayo ikaendelea kupanda, hata ikapita mara mbili ya bei ya benki.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Siku ya safari mtauliza za siku ile. Koperative inauza mifuko 10 ya maharagwe, mmepatana dola 50 kwa mfuko, jumla dola 500. Mnunuzi anasema: « Sina dola, nitawalipa franka za Burundi. » Anashika bei ya benki, 2,900, anawahesabia franka 1,450,000. Noti ni mingi, kila mtu anafurahi. Mnafika Uvira, kambisti anashika bei ya barabarani, 5,800, anawapa dola 250. Hakuna mtu aliyewaiba njiani. Nusu ilipotea pale pale mlipopatana bei, kwa sababu hamkuuliza: dola moja unaihesabu franka ngapi?

Swali hilo liulizwe mbele ya kupakua mzigo, na jibu liandikwe kwenye fakture. Sisi tunaona vema zaidi mpatane moja kwa moja kwa franka za Burundi. Asubuhi ya safari mpigie simu kambisti wa Uvira, mjue anatoa franka ngapi kwa dola, mfanye bei yenu kwa namba ile. Kama mnunuzi ana dola, avuke alipe upande wetu. Na kama koperative inahitaji kitu kinachouzwa Bujumbura, franka zile zinaweza kukinunua kulekule bila kuvunjwa, lakini mlinganishe kwanza na bei ya Uvira.

Mkienda kununua na dola mkononi, vijana watawaita barabarani na kuwatajia bei nzuri. Tunajua wengi wanakubali. Sisi hatushauri hata kidogo. Serikali ya Burundi inafuatilia sana jambo hili. Mwaka 2020 BRB iliondolea maduka ya kuvunja feza ruhusa ya kazi. Polisi wakishika dola za koperative, hasara si ya yule aliyezibeba peke yake. Mkitaka kuvuka na feza mingi, muulize duwane mapema kiasi kinachoruhusiwa.

Kuvunja kufanywe na watu wawili, si mmoja. Mhesabu wenyewe, na bunda likiisha kuhesabiwa lisirudi tena mkononi mwa kambisti, hata akisema anataka « kuhakikisha ». Hapo ndipo noti zinapungua. Dola yenye kupasuka kidogo tu mwirudishe papo hapo, maana kesho hakuna atakayeipokea.

Franka za Burundi si za kuweka nyumbani. Mwezi wa sita 2023 BRB iliondoa noti za 5,000 na za 10,000 zilizotolewa mwaka 2018, ikatoa siku 10 tu za kuzirudisha benki. Zikifika Uvira zivunjwe siku ileile, na mtunza kese aandike kitabuni tarehe, kiasi, bei ya siku na majina ya wale wawili waliokwenda kuvunja.