Kusoma ni Kufahamu

Ndugu zetu Waislamu,

Katika Kwale yetu, tangu Waa hata Vanga, wapo vijana wengi watamanio kuwa matabibu na wauguzi. Chuo cha KMTC kina tawi lake hapo Msambweni. Lakini mlango wa kuingilia ni mtihani wa KCSE, na katika kuchagua wanafunzi hutazamwa alama ya lugha, Kiingereza au Kiswahili, pamoja na ile ya biolojia. Wengi hukesha na biolojia wakaidharau lugha, kwa kudhani kuwa ufahamu ni jambo lisilosomewa.

Dhana hiyo si sawa. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili, ufahamu una alama 15 na ufupisho 15, kati ya 80. Katika ile ya Kiingereza ufahamu una alama 20 kati ya 80. Na majibu mengi yamo katika kifungu chenyewe!

Asili ya maradhi haya ni mazoea ya kuhifadhi bila kufahamu. Kuhifadhi ni jambo tukufu. Lakini Mwenyezi Mungu, katika aya ya 82 ya Suratin-Nisaa, ametuita tuizingatie Qur'ani. Na kuzingatia ni kazi ya akili, si ya ulimi peke yake.

Natutwae mfano: "Dawa huua minyoo ya kichocho iliyomo mwilini, lakini haimkingi mtu na kuambukizwa tena akirudi kuoga katika maji yale yale." Swali: Kwa nini aliyetibiwa aweza kuugua tena? Aliyehifadhi ataandika habari za konokono na mkojo wa damu. Yote ni kweli, wala hapati kitu, kwani hakuulizwa hayo. Aliyefahamu ameiona ile "lakini", naye hujibu: dawa humponya ya leo, haimkingi na ya kesho.

Basi twawanasihi vijana wetu haya:

Kwanza, yasome maswali kabla ya kifungu.
Pili, kisome kifungu mara mbili: ya kwanza kwa jumla, ya pili kwa kutafuta.
Tatu, pigia mstari "lakini", "ijapokuwa" na "isipokuwa". Hapo ndipo maana hugeuka.
Nne, tazama alama za swali. Swali la alama mbili aghalabu hutaka hoja mbili.
Tano, jibu kwa maneno yako mwenyewe.

Na kila siku baada ya Alasiri wakae wawili wawili: mmoja asome ukurasa, afunge kitabu, amweleze mwenziwe, naye amsahihishe.

Wala faida ya haya haiishi siku ya mtihani. Muuguzi asiyeiona ile "lakini" atampa mtoto dawa, asimwonye na yale maji. Na mtoto atarejea hospitali na maradhi yale yale.

Wabillahi tawfiq.