Rehani: Uende kwa Dalali au kwa Mkopeshaji?

Mwaka jana niliandika humu juu ya ngeli, nikaambiwa nimewachosha. Mwaka huu nimeleta neno moja tu, lililoingia nyumbani kwetu mwezi wa Aprili na mpaka leo halijatoka. Neno lenyewe ni rehani.

Rehani ni kitu unachomwekea anayekukopesha, ili ukishindwa kulipa akiuze apate pesa zake. Mtu akikopa unga dukani akaacha redio, hiyo redio ni rehani. Nyumba haibebwi kama redio, kwa hivyo rehani yake huandikishwa katika afisi ya ardhi, nawe unaendelea kulala ndani huku ukilipa. Mkopeshaji ndiye mwenye pesa: benki, au chama cha akiba na mikopo, yaani sacco. Dalali hana pesa. Yeye anakutafutia mwenye nazo, kisha analipwa kwa miguu yake. Na hapa Kiswahili kinatucheka kidogo, kwa sababu dalali pia ni yule anayepiga mnada nyumba yako ukishindwa kulipa. Anayekuingiza na anayekutoa wana jina moja!

Sisi tuko watu sita katika vyumba viwili vya kupanga. Jirani mmoja anauza nyumba yake ndogo kwa Sh. 1,600,000. Baba, ambaye ni fundi wa magari wa jua kali, na Mama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, walikuwa wameweka Sh. 600,000 kwa miaka tisa. Ikabaki milioni moja.

Jumamosi moja Baba akaja na bwana mmoja mwenye mkoba. Akapewa chai. Akasema, "Mwalimu, wewe usisumbuke na foleni za benki. Nipe Sh. 20,000 za faili, mimi nitazunguka. Riba ni asilimia 12 tu, miaka 10." Mama akaniita niilete kalamu, maana anajua tunafanya hesabu za riba kidato cha tatu. Nikauliza swali moja: asilimia 12 ya nini? Ya milioni yote kila mwaka, au ya deni lililobaki? Yule bwana akacheka, akamwambia Baba, "Mzee, kijana wako anasoma sana. Ni kitu kile kile."

Si kitu kile kile hata kidogo, na somo langu liko hapa. Chukueni kalamu.

Riba ikikatwa kwa milioni yote, kila mwaka ni Sh. 120,000, iwe umebakisha deni kubwa au dogo. Kwa miaka 10 ni Sh. 1,200,000. Jumla utalipa Sh. 2,200,000, yaani Sh. 18,333 kila mwezi. Riba ikikatwa kwa deni linalopungua, mwezi wa kwanza ni asilimia 1 ya milioni, Sh. 10,000. Ukilipa Sh. 14,347, zile 4,347 zinapunguza deni. Mwezi wa pili riba inahesabiwa kwa Sh. 995,653, inakuwa Sh. 9,957, na hivyo hivyo ikishuka. Baada ya miaka 10 umelipa kama Sh. 1,721,650. Tofauti inakaribia Sh. 478,000, na zote mbili zinaitwa "asilimia 12". Nilifanya hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea.

Bwana wa mkoba alipobanwa alikubali kwamba yake ilikuwa ile ya kwanza. Baba hakusema neno. Ni yeye aliyemleta, na nilimwonea huruma.

Jumatatu Mama akaenda kwenye sacco yake mwenyewe, bila mtu wa kati. Ana akiba ya Sh. 350,000 humo, na chama chao hukopesha mara tatu ya akiba. Wao hawakutaka rehani ya nyumba. Walitaka akiba hiyo ibaki palepale, na wadhamini. Riba ni asilimia 12 ya deni linalopungua, lakini muda ni miaka 6, si 10. Kila mwezi ni Sh. 19,550. Mama aliguna. Tukalinganisha: ni Sh. 1,217 zaidi ya zile za dalali kila mwezi, lakini jumla ni kama Sh. 1,407,600, na deni linaisha miaka minne mapema. Nyama itapungua mezani, hilo tumeambiwa wazi.

Sasa msiseme nawachukia madalali. Mjomba wangu anauza viazi sokoni, hana hati ya mshahara, na benki mbili zilimkataa. Dalali mwingine alimpeleka kwa mkopeshaji anayekubali taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, naye akalipwa na mkopeshaji baada ya mkopo kutoka. Mjomba angejuaje mlango huo? Kwa maoni yangu, mwenye mshahara na sacco aanzie kwa mkopeshaji, wa jua kali kama Baba anaweza kumhitaji dalali, mradi amuulize kwanza, "Unalipwa na nani, na lini?" Anayetaka pesa kabla ya kazi mimi ningemwachia chai yake tu.

Kuna pia wanaosikia redioni juu ya Kenya Mortgage Refinance Company, iliyoanzishwa mwaka 2018, wakadhani wataenda kukopa huko. Kampuni hiyo huzipa pesa benki na sacco, nazo ndizo zinazomkopesha mwananchi.

Na anayeweka nyumba rehani ajue Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila idhini ya mume au mke. Ukichelewa kulipa, mkopeshaji hakuuzii kesho yake: anakupa notisi ya angalau miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Notisi hizo zisomwe, zisifichwe kabatini.

Baba mwenyewe ndiye aliyekwenda kupekua hatimiliki ya jirani kwenye afisi ya ardhi. Alirudi jioni, akaniwekea karatasi juu ya daftari langu, akasema, "Soma, mwanahesabu." Ilikuwa safi, haina deni la mtu. Wadhamini walitakiwa wanne. Tunao watatu, wa nne, mwalimu mwenzake Mama, amesema atatupa jibu Ijumaa baada ya kuzungumza na mumewe. Jirani ametupa mpaka mwisho wa mwezi.